Kumtii Kiongozi Siyo Kunyamaza

Kiongozi wa nchi akisemwa maneno makali, mwananchi mwaminifu afanye nini? Wapo wanaosema, wanaomsema wanyamazishwe. Wengine husema, shauri lake. Hebu tutazame mambo yaliyotokea hapa Tanzania mwaka 1966 na 1967.

Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba vijana wanaomaliza Chuo Kikuu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa. Wangetumikia nchi kwa sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi wengi walikataa. Tarehe 22 Oktoba waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam. Hata bango la kusema afadhali ukoloni lilikuwamo. Maneno hayo yaliuma sana, maana uhuru ulikuwa haujatimiza hata miaka mitano.

Rais Julius Nyerere alikasirika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao. Lakini mambo hayakuishia hapo. Wanafunzi walikuwa wanalalamika kuwa wao wanaambiwa wajinyime, huku wakubwa wanapokea mishahara minono. Nyerere aliona neno hilo lina ukweli. Basi, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Yaani, katika kila shilingi 100, aliacha shilingi 20. Mwaka uliofuata wanafunzi wengi waliruhusiwa kurudi masomoni.

Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Viongozi walikatazwa kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba za kupangisha. Wananchi wengi walitembea kwa miguu safari ndefu kuliunga mkono. Oktoba mwaka huo Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza.

Tunajifunza nini? Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kiongozi akitukanwa bure, tumtetee kwa kueleza kazi aliyofanya. Akiambiwa la kweli, hata kwa ukali, tusimfiche. Ahadi za mwanachama wa TANU zilimtaka aseme kweli daima, na fitina aione mwiko. Yote mawili yanakwenda pamoja.

Chukua mfano wa kijijini. Pampu ya maji imeharibika. Wewe unanyamaza ili mwenyekiti asisemwe. Je, umemsaidia? Hapana. Watu watakunywa maji machafu, watoto wataharisha, na lawama itamrudia yeye yule yule. Mwenzake wa kweli ni yule anayemwendea na kusema, "Mzee, pampu imekufa. Tuitishe mkutano." Halafu siku ya kuitengeneza, anafika na jembe lake.

Kusifu ni rahisi, na kutukana ni rahisi. Kusema kweli na kushika kazi ndiyo uaminifu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Je, ilikuwa haki kuwarudisha wanafunzi makwao? Kwa nini?
2. Katika kijiji chenu, mtu akimkosoa kiongozi mkutanoni, husikilizwa au hunyamazishwa?