Pikipiki Si Gunia la Viazi

Jumamosi moja alasiri mpwa wangu alinipigia simu kutoka Makina, Kibera. Mnyororo wa pikipiki yake ulikuwa umekatika na kujisokota, hata gurudumu la nyuma likakataa katakata kuzunguka. "Mjomba, haisukumiki," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Fundi wake yuko Kawangware, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo unaolipwa kila siku, iwe barabarani au imelala.

Tulikodi mkokoteni uliozoea mitungi ya maji na magunia ya viazi. Tukaifunga pikipiki kwa kamba ya katani kwenye usukani, tukashika Kibera Drive, kisha Barabara ya Ngong. Karibu na Dagoretti Corner gurudumu la mkokoteni likatumbukia shimoni, kamba ikalegea, pikipiki ikaanguka na kumvunja hamali kidole cha mguu. Taa nayo ilipasuka, ila nani angethubutu kuitaja taa mbele ya mtu anayeugua kwa maumivu? Matibabu tulilipa sisi, na ilikuwa haki yake.

Msomaji mpendwa, tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mnamo mwaka wa 2008, vijana wa mitaa yetu wamepata riziki kwa bodaboda. Kodi zimebadilikabadilika baadaye, lakini pikipiki hazikupungua. Ajabu ni kwamba hatujajiuliza zitabebwa vipi zikiharibika. Wapo watakaosema pikapu zipo. Naam, zipo, lakini pikapu gani itapenya vichochoro vya Gatwekera au Laini Saba?

Kosa letu halikuwa uzito. Pikipiki ya bodaboda hukaribia kilo 120, na hamali hubeba zaidi ya hizo kila siku. Kosa lilikuwa kudhani kuwa pikipiki ni gunia. Gunia hulala, pikipiki husimama juu ya nukta mbili, na uzito wake uko juu. Kwa hiyo sakafu ya mkokoteni yafaa ishuke katikati ya magurudumu, isikae juu ya ekseli kama ilivyo desturi. Fundi wa juakali aweza kuchomelea ekseli iliyopinda chini bila taabu. Injini nayo ikae mbele kidogo ya ekseli. Ikiwa nyuma, mishikio huruka juu na kumwinua hamali mlimani. Ikizidi mbele, mgongo wake ndio utakaolipa.

Gurudumu la mbele lipate mfereji wa chuma na kizuizi cha kulikaba. Kisha mikanda minne ya kukazia mizigo, ile ya malori: miwili ivute mbele kutoka chini ya usukani mpaka springi zibonyee kiasi cha nusu, miwili ishike nyuma. Vipande vya tyubu, tunavyovipenda mno, hunyumbuka kila shimo na kuiacha pikipiki icheze. Stendi ya pembeni ikunjwe, na mfereji wa petroli ufungwe. Kile kipande cha tairi kuukuu kinachoburutwa nyuma kiwe breki kisiondolewe kamwe. Aliyekibuni aliujua mteremko kuliko wahandisi wengi.

Nani atagharimia? Vikundi vya stejini huchangiana mazishi na hospitali. Naona si kufuru mkokoteni mmoja ukiingizwa katika mchango huo, maadamu dereva asiyefika kwa fundi hana cha kuchanga.

Wetu ulikamilika Kawangware mwezi uliopita. Tulimwita hamali yule yule, kidole kikiwa kimepona, tukapakia pikipiki ya jirani. Alikataa kugusa mishikio kabla ya kuitikisa kwa mikono yake. Aliitikisa mara mbili, akachuchumaa, akatuamuru tuufungue mkanda wa nyuma kushoto tuufunge upya.