Kayabo: Chumvi kidogo nyumbani, hasara kubwa mpakani

Samaki wa chumvi kutoka Ziwa Victoria, hasa sangara anayefahamika sokoni kwa jina la kayabo, ni bidhaa iliyozoeleka katika biashara kati ya Mwanza na nchi jirani za Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sehemu kubwa ya kazi ya kumtengeneza hufanyika majumbani na kandokando ya mialo, kwa kutumia visu, mapipa, chumvi na vichanja. Hakuna jokofu wala mtambo.

Kwa sababu hiyo, hatima ya mzigo huamuliwa mapema, kabla haujapanda lori. Mfanyabiashara anayefahamu jinsi chumvi inavyofanya kazi anaweza kutambua mzigo mbovu akiwa bado kwa mtengenezaji, na fedha zake zikiwa bado mfukoni.

Chumvi inafanya nini?

Samaki mbichi ana maji kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake. Bakteria wanaomwozesha wanahitaji maji hayo. Chumvi huyavuta maji kutoka kwenye nyama, na yenyewe huingia ndani kuchukua nafasi yake. Inapoingia ya kutosha, bakteria wengi hushindwa kuendelea kuzaliana.

Neno la msingi hapa ni "ya kutosha". Kipimo kinachotumika sana ni kilo 30 za chumvi kwa kila kilo 100 za samaki aliyekwisha kusafishwa. Kanda ya ziwa haina chumvi ya baharini karibu, hivyo mtengenezaji huinunua kutoka mbali, kwa mfano Uvinza mkoani Kigoma au Pwani. Bei ikipanda, mtu huvutiwa kupunguza kipimo. Huo ni ubanaji wa matumizi unaomhamishia mnunuzi hasara.

Hatua za kazi

Kwanza, samaki lazima awe mbichi kweli. Chumvi haimrudishii ubora samaki aliyeanza kuharibika.

Pili, atolewe matumbo na mashavu, apasuliwe mgongoni na kufunguliwa, kisha aoshwe damu yote. Sehemu nene zichanjwe ili chumvi ifike ndani.

Tatu, apangwe kwenye pipa lisilovuja: tabaka la chumvi, tabaka la samaki, tena chumvi, hadi juu. Baada ya saa kadhaa maji yanayotoka kwenye nyama huyeyusha chumvi na kuwafunika samaki. Mbao safi zenye mawe juu yake huwekwa kuwakandamiza ili asielee hata mmoja.

Njia hii ya kuwaacha samaki ndani ya maji yao ya chumvi inamfaa sangara kwa sababu ana mafuta. Mafuta yakikutana na hewa huchacha, nyama ikawa ya njano na kutoa harufu kali. Chini ya maji ya chumvi hewa haifiki kwa urahisi.

Nne, maji hayo yawe yameshiba chumvi. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 hivi za chumvi, kisha basi. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: koroga, na ukiona chumvi bado imebaki chini bila kuyeyuka, maji yameshiba. Ikiwa imekwisha yote, ongeza. Maji yaliyotumika yamwagwe. Yamekwisha kupungua nguvu na yamejaa damu na uchafu.

Tano, baada ya siku kadhaa kutegemea unene, samaki hutolewa, huchujwa maji na kuanikwa juu ya vichanja. Kuanika chini huleta mchanga na wadudu.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapopoteza fedha bila kujua. Samaki anayetoka kwenye pipa bado ana maji mengi, na jua ndilo linalomkausha hadi kufikia kiwango cha kusafirishwa.

Tuchukue mfano. Umenunua tani moja ya kayabo yenye maji asilimia 50. Kilo 500 ni maji na kilo 500 ni samaki na chumvi. Mzigo ukiendelea kukauka njiani na ghalani hadi maji yawe asilimia 40, zile kilo 500 za samaki na chumvi zitakuwa asilimia 60 ya uzito mpya. Mizani itasoma kilo 833. Kilo 167 zimetoweka, na ulizilipia kwa bei ya samaki na pia kwa nauli ya lori.

Hivyo basi, bei ya chini ya mzigo wenye unyevu si lazima iwe nafuu. Kwa mfano huu, bei ya kilo moja ya mzigo wenye unyevu inapaswa kuwa chini ya mkavu kwa angalau asilimia 17 ili mzigo huo ulingane nao, kabla hata ya kuhesabu hatari ya kuharibika.

Njiani

Wasafirishaji nao wana sehemu yao. Hewa inapozidi unyevu wa asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani. Samaki mkavu anayelala nje usiku wa mvua hulowa tena. Pia turubai lililofungwa bila kuacha nafasi ya hewa hufanya mvuke wa mchana uwe matone ya maji usiku, na mifuko ya nailoni ni mibaya zaidi. Mzigo upangwe juu ya mbao, uwe na upenyo wa hewa, na turubai liufunike bila kuukaba.

Dalili mbili hutokea sana. Wekundu wenye utelezi na harufu mbaya husababishwa na bakteria wanaopenda chumvi, ambao mara nyingi huja na chumvi yenyewe. Madoadoa ya kahawia ni ukungu. Vyote viwili hustawi penye joto na unyevu. Dawa ya wadudu ya nyumbani isipulizwe kamwe kwenye samaki. Hiyo ni sumu kwa mlaji.

Matumbo na siki

Kutotoa matumbo si kosa dogo. Mwaka 1991 nchini Misri, watu 91 walilazwa na 18 kati yao wakafa baada ya kula fesikh, samaki wa chumvi aliyetengenezwa bila kutolewa matumbo. Sumu iliyohusika huzalishwa na bakteria mahali pasipo na hewa, kabla chumvi haijafika ndani.

Wapo pia wanaotengeneza samaki wa siki kwenye chupa. Huyo ni wa mezani nyumbani, si wa lori. Anahitaji siki yenye asidi isiyopungua asilimia 5 na akae kwenye jokofu wakati wote. Kwa kuwa siki na chumvi haziaminiki kuua minyoo ya samaki wa maji baridi, apikwe kwanza au agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba.

Karatasi za mpakani

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa zilizozalishwa humo na wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Cheti hicho hakiondoi wajibu wa kuwa na kibali na cheti cha afya cha mazao ya uvuvi. Kongo ilikuwa mwanachama kamili Julai 2022, lakini muulize wakala wako wa forodha taratibu zinazotumika kwenye mpaka unaokusudia kupita. Kumbuka pia kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa.

Kabla ya kulipa

Chagua samaki watatu kutoka katikati ya mzigo, siyo wa juu. Mkate mmoja sehemu nene: nyama iwe ngumu na yenye rangi moja hadi ndani, bila damu. Mbonyeze wa pili kwa kidole: shimo lisibaki na maji yasitoke. Mnuse wa tatu karibu na mfupa. Wakifaulu wote, pima na upakie. Akishindwa mmoja, fungua magunia mengine kabla ya kutoa fedha.