Figo ya Printa: Nilichomjibu Baba Mdogo

Wanachuo wenzangu, swali hili lilinikuta likizo iliyopita, nimekaa pembeni ya kitanda cha baba mdogo hospitalini. Figo zake zimegoma kabisa. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa kwenye mashine kwa saa nne hivi: damu inatoka, inachujwa, inarudi mwilini. Shangazi, dada yake wa tumbo moja, alishajitolea kumpa figo moja na vipimo vikakubali. Mzee akagoma. Akanionyesha klipu kwenye simu, mtu yuko jukwaani kashika kitu cha rangi ya waridi, na maneno chini yanasema hiyo ni figo iliyotolewa kwenye printa.

"Mwanangu, wewe si ndiyo unasoma mambo haya? Sasa nimkate dada yangu ya nini? Mimi nasubiri hiyo ya mashine."

Kiukweli nilikwama. Nikamwomba anipe wiki moja. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na printa ya pale steshenari tunapotolea notsi. Inaweka wino juu ya karatasi, tabaka moja, basi. Printa ya 3D inaweka tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Kuchapisha tishu ni kazi hiyohiyo, ila wino wake ni seli hai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Thomas Boland wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alichukua printa za kawaida za ofisini, akazirekebisha zitoe seli badala ya wino.

Seli zenyewe zinatoka kwa mgonjwa. Anakatwa kinyama kidogo, seli zake zinalishwa maabara mpaka zinakuwa mamilioni. Kisha zinachanganywa na jeli, mfano kolajeni au alginati inayotoka kwenye mwani, ili zisipondeke zikipita kwenye sindano ya printa na umbo lisiporomoke. Baada ya hapo tishu inakaa kwenye chombo chenye joto la mwili, nyuzi 37, seli zishikane. Utamu wake ni kwamba seli ni zako mwenyewe, kwa hiyo mwili hauna sababu kubwa ya kuzikataa. Figo ya mtu mwingine inakudai dawa za kutuliza kinga kila siku.

Sasa, mbona hospitali hazijajaa viungo vya printa? Tatizo ni damu. Seli ikiwa mbali na mshipa kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita, inakosa hewa na chakula, inakufa. Ni kama mtaa uliojengwa ukabanana bila njia: walio barabarani wanapata maji, wa katikati wanakauka. Ndiyo maana vitu vyembamba au visivyohitaji damu nyingi vilitangulia. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake walitoa ripoti ya wagonjwa saba waliojengewa vibofu vya mkojo kwa seli zao, tena seli zile zilipandwa kwa mkono kwenye kiunzi, bila printa. Mwaka 2022 kampuni ya 3DBio Therapeutics ilitangaza kwamba mgonjwa amewekewa sikio la nje lililochapishwa kwa seli za gegedu lake.

Moyo nao ulijaribiwa. Mwaka 2019 Tal Dvir na timu yake huko Tel Aviv walichapisha moyo wenye ukubwa wa moyo wa sungura. Seli zake ziliweza kujikunja, lakini hazikuweza kusukuma damu kwa pamoja. Mwaka huohuo, Jordan Miller wa Chuo Kikuu cha Rice alichapisha njia za damu zinazozunguka kifuko cha hewa mfano wa pafu, akisaidiwa na tatrazini, ile rangi ya njano ya kwenye soda na pipi. Ni hatua kubwa, ila bado ni kipande kidogo cha maabara. Figo moja ina vichujio kama milioni moja, kila kimoja na mishipa yake.

Na ile klipu? Ni Atala huyohuyo, mwaka 2011. Alichoshika ni umbo la figo. Halichuji kitu.

Nikapiga simu. "Ba'mdogo, ile ni kama gari la maonyesho lisilo na injini. Wanaitengeneza, na mimi naamini itakuja. Lakini mashine unayolala nayo mara tatu kwa wiki haitakusubiri. Figo ya ndugu ilishafanikiwa Boston tangu mwaka 1954, pacha kwa pacha. Na hapa kwetu Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2017."

Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Sasa dada yangu akibaki na moja, naye ikimwharibikia?"

Kumbe shida haikuwa printa. Mzee alikuwa anaogopa kumuumiza dada yake, na klipu ikampa pa kujificha. Nikamweleza kwamba hatari ipo, ndogo lakini ipo, na ndiyo maana shangazi alipimwa kwanza, na wengi wanaishi vizuri kwa figo moja. Mengine amuulize daktari, yeye na shangazi wakiwa pamoja.

"Haya," akasema. "Mwambie shangazi yako aje Jumamosi tuongee."

Jamani, kabla hujafowadi klipu kwenye grupu la familia, jiulize: kuna mgonjwa humu anayeweza kuahirisha tiba kwa sababu yake?