Je, Wajua Tairi la Ndani Hufaje?

Simama Chalinze alfajiri, malori yaendayo Tunduma yanapopumzika. Utingo anashuka na rungu, anazunguka gari akigonga matairi moja baada ya jingine. Likilia "ti!" anapita. Likilia "du!" anamwita dereva. Naupenda mlio huo, lakini unatuponza: rungu hutambua tairi lililokwisha kufa tu. Lenye upepo wa PSI 110 na lenye PSI 80 hulia karibu sawa, na hilo la 80 lahesabika kuwa pancha hata kama kwa macho linaonekana zima.

Tena si upepo tu unaoua tairi. Matairi mawili ya nyuma yaliyobanana hufungwa pamoja, hivyo huzunguka raundi kwa raundi. Sasa moja likiwa fupi kwa milimita 3 tu kutoka katikati hadi lami, kwa kulika au kwa sababu tajiri kachanganya jipya na kuukuu, kila raundi linapungukiwa na karibu milimita 19. Tairi la kimo cha mita moja huzunguka mara 318 hivi kwa kilomita. Piga hesabu: mita 6. Hizo hazibingiriki, zinaburuzwa. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo mpira unasuguliwa kwenye lami kilomita 5 na ushee. Ndiyo maana moja huwa kipara na jirani yake bado ana kashata.

Kati ya hayo mawili, la ndani ndilo huonewa zaidi. Valvu yake imejificha, na nani anataka kujipaka matope saa kumi na moja asubuhi? Upepo ukipungua linapinda kila raundi, linapata moto, nyuzi za chuma ubavuni zinakatika taratibu. Siku likijazwa, ubavu unaweza kufumuka kama zipu, na mlipuko huo unaua. Lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Vijiwe vingi vya pancha havina, na hakuna anayeuliza.

Tairi lolote likilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo; katikati, umezidi; upande mmoja, alaimenti imekosewa.

Tajiri, usilaumu jua wala tairi la Kichina. Mnunulie utingo geji yenye shingo ndefu inayofika valvu ya ndani, apime kabla gari halijatembea. Tairi likishapata moto, asilipunguze upepo.