Mapacha si Mtoto Mmoja Mwenye Miili Miwili

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mapacha huzaliwa wakakuta majina yanawangojea. Wasukuma na Wanyamwezi humwita wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, majina ambayo Waswahili wanayafahamu kama Kurwa na Doto. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana. Hata wazazi hupandishwa cheo wakaitwa Ssalongo na Nnalongo. Waluo nao wana Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo iwapo ni wasichana. Waama, wazee hao hawakukosa hekima. Walihakikisha kwamba kila mtoto ana jina lake na nafasi yake. Sisi wa leo, tunaojigamba kuwa tumesoma, aghalabu tunawaita wote wawili kwa neno moja: "Mapacha wamelala?" "Mapacha wamekula?"

Mimi ni mwalimu, nami ninaishi hapa Isinya, mji ulio kati ya Kitengela na Kajiado kwenye barabara iendayo Namanga. Nyumbani kwetu mna mabinti wawili wenye umri wa miezi 11. Katika makala haya nitawaita Kurwa na Doto.

Mpenzi msomaji, anayelea mapacha hahitaji kuambiwa kwamba siku ina saa 24 tu. Kabla hakujapambazuka, mmoja ameamka kunyonya, na akishiba yeye mwenzake anaanza kulia. Nepi ni za watoto wawili, na maji ya kuzifulia hununuliwa kwa mitungi ya lita 20. Adhuhuri, upepo wa mbuga hizi huleta vumbi hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Mama akiwa peke yake, hana budi kufanya kazi kama kiwanda: anawaogesha kwa pamoja, anawalisha kwa kijiko kimoja, anawalaza kwa wakati mmoja. Simlaumu yeyote afanyaye hivyo. Uchovu haujui nadharia za malezi.

Hata hivyo, watoto hawa wenyewe hutukumbusha kila siku kwamba wao ni wawili. Kurwa alitangulia kukaa bila kuegemezwa, na sasa anatambaa kufuata kila kinachosogea. Doto hatambai, hujisukuma kwa makalio, kisha hutulia na kusikiliza. Punda wa maji wakipita na njuga zao, yeye ndiye wa kwanza kugeuza kichwa. Majirani huuliza, "Mwalimu, huyu mwingine mbona amechelewa?"

Jibu ni kwamba hajachelewa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 vipimo vya ukuaji vinavyoonyesha kuwa watoto wenye afya njema huanza kukaa bila msaada wakati wowote kati ya takriban miezi 4 na 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Wapo wachache ambao hawatambai kabisa, nao hutembea vizuri. Isitoshe, mapacha wengi huzaliwa kabla ya siku zao kutimia. Mtoto aliyewahi kwa miezi 2, akifikisha miezi 8, huhesabiwa kimaendeleo kuwa na miezi 6. Basi kipimo cha Doto si Kurwa. Kila mmoja ana kitabu chake cha kliniki, na kila mmoja hufuatiliwa kwa mstari wake mwenyewe wa uzito.

Jambo linalostahili kututia hofu zaidi ni lugha. Imejulikana kwa miaka mingi kwamba mapacha, kwa wastani, huchelewa kidogo kuzungumza. Mwaka 2003, Michael Rutter na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Uingereza, wakilinganisha mapacha na ndugu waliozaliwa mmoja mmoja kwa kufuatana karibu. Kufikia umri wa miaka 3, mapacha walikuwa nyuma kwa takriban miezi 3 katika lugha. Sababu kuu haikuwa matatizo ya uzazi, bali jinsi wazazi walivyozungumza na watoto wao. Na hapana ajabu: mzazi mwenye shughuli maradufu hupata nusu ya nafasi ya kumtazama mtoto mmoja usoni na kumjibu.

Kwa hiyo dawa yake haiuzwi dukani. Nyumbani kwetu, Kurwa huogeshwa kwanza huku akitajiwa jina lake, maji, sabuni na mkono. Wakati huo Doto yuko nje na nyanya yake wakihesabu malori. Kesho yake hubadilishana. Akitoa sauti, anajibiwa yeye, si "wao". Ni dakika chache tu, lakini ni dakika zake. Baba, nyanya, shangazi na jirani, wote wanaweza kuchangia dakika hizo, na hapo ndipo ujamaa wetu unapopimwa.

Walimu wenzangu, watoto hawa watafika katika madarasa yetu ya chekechea wakiwa na umri wa miaka 4 hivi. Je, tutawaketisha benchi moja na kumwuliza mmoja maswali ya wote wawili? Tutamwambia aliyepata alama chache amwige pacha wake? Wanafunzi nanyi, mnapomwita mwenzenu "pacha" kwa kuwa hamtaki taabu ya kujua ni yupi, mnamnyang'anya mali yake ya kwanza duniani, nayo ni jina. Muhammed Saleh Farsy, katika riwaya yake *Kurwa na Doto* ya mwaka 1960, alitusimulia habari za mapacha wawili wa kijiji cha Unguja ambao tabia zao hazikufanana. Waliozaliwa siku moja hawakuagizwa kuishi maisha mamoja.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga. Nasi tuukumbuke usemi huo kwa idadi sahihi: hapa pana mafungu mawili ya udongo, na kila fungu linahitaji mikono yake.