Mchezo Si Pipi ya Kumnyamazisha Mtoto

Tukisikia mtu anataja michezo hospitalini, wengi wetu tunafikiria vitu vya kumnyamazisha mtoto: glavu iliyopulizwa ikawa puto, katuni kwenye runinga ya wodini, pipi baada ya sindano. Si vibaya. Lakini kuna matibabu ya watoto ambayo hayafanyi kazi mpaka mtoto mwenyewe ashiriki, tena kila siku, kwa miezi au hata miaka. Humo mchezo una kazi nzito zaidi ya pipi, na sisi tunaosomea ualimu tunahusika kuliko tunavyodhani, maana mtoto huyohuyo ndiye atakayekaa kwenye dawati darasani kwetu.

Dozi yake ni kurudia

Chukua mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye upande mmoja wa mwili wake ni dhaifu. Mkono wa kushoto umekunja ngumi na hautaki kufunguka. Mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kuushughulikia kwa nusu saa kliniki. Ila ubongo hujifunza mwendo kwa kuurudia mara nyingi mno, na nusu saa kwa mwezi ni tone baharini. Kazi yenyewe iko nyumbani.

Sasa weka nyumba hiyo Mbegani. Kufika hospitali kubwa Dar es Salaam, tuseme CCBRT pale Msasani, ni bodaboda hadi barabara kuu, halafu gari la kwenda Makumbusho, halafu gari jingine. Siku imekwisha, nauli imetoka, na kama mama anauza samaki, siku hiyo hajauza. Kwa hiyo mtaalamu humpa mama mazoezi ya kufanya nyumbani, tuseme mara 20 asubuhi na mara 20 jioni. Wiki ya kwanza yanafanyika. Wiki ya tatu mtoto akimwona mama anatandika mkeka, anaanza kulia. "Vumilia mwanangu," mama anasema, lakini mtoto wa miaka mitano haelewi avumilie ili iweje. Mwezi wa pili mazoezi yamekufa kimyakimya. Hakuna aliyeyakataa, yamechosha tu.

Mfano mwingine ni watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Njia inayotumika sana duniani, pamoja na hapa kwetu, ni ile ya daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mtoto hufungwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kwa kawaida wiki tano hadi nane, na mguu unanyooshwa kidogokidogo. Wengi hufanyiwa pia upasuaji mdogo wa kulegeza mshipa wa kisigino. Kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma: karibu saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala tu mpaka afikishe miaka minne hivi. Viatu vikiachwa mapema, mguu unaweza kupinda tena, na kazi yote ya hogo ikawa bure.

Unajua wazazi hufundishwa nini viatu vikianza kuvaliwa? Kucheza. Mtoto hulia kwa sababu anataka kurusha mguu mmoja mmoja na chuma kinamzuia. Basi mzazi hushika kile chuma, akakunja na kunyoosha miguu yote miwili kwa pamoja, kama mchezo, mpaka mtoto agundue kwamba anaweza kurusha miguu pamoja. Hakuna umeme wala bando hapo, na mchezo huo umeingizwa ndani ya matibabu yenyewe.

Kwa nini mchezo unafanya kazi

Mchezo unampa mtoto vitu vitatu ambavyo amri haimpi.

Cha kwanza ni lengo analoliona. "Nyoosha mkono" ni amri isiyo na mwisho. "Fikisha kete kwenye shimo lile" ni lengo. Mkono umenyooka vilevile, lakini akili ya mtoto iko kwenye shimo.

Cha pili ni jibu la papo hapo. Watoto wenye selimundu, au sikoseli kama tunavyozoea kusema, wakilazwa na maumivu ya kifua au mgongo huogopa kuvuta pumzi ndefu kwa sababu inauma, na mapafu yasipojaa vizuri matatizo makubwa hufuata. Kuna kifaa rahisi cha plastiki chenye alama inayopanda kadiri unavyovuta pumzi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliwachukua wagonjwa wa miaka 8 hadi 21, baadhi wakakitumia mara 10 kila baada ya saa mbili wakiwa macho. Katika vipindi 19 vya kulazwa vya waliokitumia, tatizo la mapafu lilitokea mara 1. Katika vipindi 19 vya wasiokitumia, lilitokea mara 8. Kifaa chenyewe hakina dawa ndani yake. Kinamwonyesha mgonjwa pumzi yake kwa macho, naye anataka kuipandisha zaidi.

Cha tatu ni mamlaka. Hospitalini kila mtu anamfanyia mtoto kitu, ila kwenye mchezo yeye ndiye mwenye zamu. Mwaka 2006 ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao Re-Mission, ambamo mchezaji anarusha roboti ndogo ndani ya mwili na kupiga seli za saratani. Uliwekwa kwenye majaribio kwa wagonjwa 375 wa saratani, vijana wa miaka 13 hadi 29, katika hospitali 34 za Marekani, Kanada na Australia, na matokeo yakatoka 2008. Waliocheza walifuata dawa zao vizuri zaidi kuliko wenzao. Mchezo haukutibu saratani. Uliwafanya wajue kwa nini wanameza kile kidonge.

Kuna jambo la nne, la maumivu. Huko Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza SnowWorld, mchezo wa miwani ya kompyuta kwa watu waliounguzwa na moto. Wakati vidonda vinasafishwa, mgonjwa yuko ndani ya bonde la barafu anarusha mipira ya theluji. Wagonjwa walieleza kwamba maumivu yalipungua. Maelezo yake hayana uchawi: maumivu nayo yanahitaji umakini, na umakini wa binadamu una mipaka. Ukiwa umejaa theluji, nafasi ya maumivu inapungua. Mtoto wa Bagamoyo hajawahi kuona theluji, lakini bahari anaijua. Mchezo wa ngalawa ungemkaa vizuri zaidi.

Teknolojia ina masharti

Hapa ndipo inabidi tuwe wakweli. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, kamera inayosoma mwili wote bila rimoti, na wataalamu wa mazoezi tiba katika nchi nyingi wakaanza kuitumia: mtoto anainua mkono, na kwenye skrini mhusika wa mchezo anainua wake. Mwaka 2017 utengenezaji ukasimamishwa. Kliniki iliyotegemea kifaa hicho peke yake ilibaki na mpango usio na vipuri.

Lakini tusiseme vifaa haviwezi kuishi vijijini. Kati ya 2017 na 2019, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vya kujifunzia kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Ilikuwa elimu, si tiba, lakini ilionyesha kwamba mtoto wa kijijini, tena wa pwani hii hii, anakishika kifaa na kukiendesha programu ikiwa kwa lugha yake na isipotegemea intaneti kila dakika. Wenzetu mnaosoma kompyuta, hapo kuna mradi wa mwaka wa mwisho: programu ndogo ya simu janja ya kawaida, inayoongea Kiswahili, inayomhesabia mtoto marudio ya zoezi na kumwonyesha mtaalamu yamefanyika mangapi tangu kliniki iliyopita. Simu ifanye kile inachoweza kuliko mama aliyechoka: kuhesabu na kukumbuka.

Mdako nao ni mazoezi

Ukiangalia vizuri, michezo yetu ya uani imejaa hayo hayo mataalamu wanayoyatafuta. Kwenye mdako unarusha kijiwe juu, unachota vingine shimoni, unadaka kile kabla hakijaanguka. Kuna kufungua vidole, kufunga vidole, kukadiria muda, na jicho kushirikiana na mkono. Bao ni kuchukua kete na kuziacha moja moja, kazi nzuri kwa vidole visivyotii. Rede ina kukwepa na kuinama. Na Mbegani, kijiji chenye chuo cha uvuvi, mtoto anaweza kuvuta kipande cha wavu kwa mikono miwili au kuokota simbi mchangani akapanga kwa ukubwa.

Ila si kila mchezo unamfaa kila mtoto. Anayechagua mwendo ni mtaalamu. Mwalimu au mzazi anachagua vazi la mwendo huo. Tukigeuza mpangilio huo tunaweza kumuumiza mtoto.

Tukienda kufundisha, basi, tufanye haya. Kwanza, mzazi akikuambia mtoto wake anahudhuria kliniki, muulize amepewa zoezi gani na mara ngapi, uandike. Pili, tafuta mchezo wenye mwendo uleule na uuingize kwenye kipindi cha michezo, darasa zima licheze, ili asijione wa pembeni. Tatu, mwache achague: kete au vijiwe, aanze yeye au wewe. Nne, usitoe alama. Siku mchezo utakapokuwa mtihani, umekufa. Tano, akisema inauma, simamisha, na mpeleke ujumbe mzazi.

La mwisho, usimwambie "haiumi" wakati unajua inauma. Mtoto hudanganywa mara moja tu, na baada ya hapo hata mchezo mzuri ataushuku kwamba kuna sindano nyuma yake. Mwambie itauma kidogo, tutahesabu mpaka kumi, na wewe ndiye utakayehesabu.