Chai ya Asubuhi Guangzhou

Mfanyabiashara wa Kariakoo akirudi kutoka Guangzhou husimulia sana bei za jumla na kontena, lakini wenyeji huwagusia kwa uchache. Akiulizwa tabia zao, atasema wanapiga kelele wakila, wanagongagonga meza, na wanamwaga chai nzuri kabla hata ya kuionja. Macho yake hayakumdanganya. Alichokosa ni mtu wa kumweleza.

Mji huo ni wa Wakantoni, na adabu yao hujifunzwa kwenye nyumba ya chai. Tao Tao Ju, mojawapo ya nyumba hizo, ilianza mwaka 1880. Wazee hufika asubuhi na wajukuu na magazeti, wakaagiza chai ya pu'er, na vikapu vya mianzi vikaanza kuwasili vikifuka mvuke: kamba waliofungwa kwenye unga mwembamba, miguu ya kuku, mikate laini yenye nyama. Huko ndiko kufanya yum cha, na huweza kuchukua asubuhi nzima.

Ile chai inayomwagwa ni ya kusuuzia vikombe, bakuli na vijiti. Baada ya hapo mtu huwamiminia wenzake, wazee kwanza, yeye mwisho. Anayemiminiwa hugonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili: ameshukuru bila kukatiza mazungumzo. Wakantoni husimulia kwamba mfalme Qianlong wa China, aliyetawala kuanzia 1735 hadi 1796, alisafiri akijifanya raia wa kawaida, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi angepiga magoti angemfichua bwana wake, basi akavipigisha magoti vidole. Birika likiisha, hakuna haja ya kuita. Mfuniko huinuliwa ukaachwa wazi, mhudumu akaja kuongeza maji.

Na kelele? Ukoo mzima uliokutana kwa chai utanong'ona kwa nini? Hata bili hugombewa kwa sauti. Mgeni ajitolee, akizidiwa akubali, kisha safari nyingine aalike yeye.

Mwislamu awe macho, kwani nyama isiyotajwa jina kwa kawaida ni ya nguruwe, na hata unga wa kamba mara nyingi hutiwa mafuta yake. Mikahawa ya halali ipo mtaa wa Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi.

Mengine ni mepesi: vijiti visisimikwe kwenye wali kama ubani wa wafu, saa ya ukutani isitolewe zawadi, na malipo ya simu ya Alipay au WeChat yaandaliwe kabla ya safari.

Kinachouma ni kwamba desturi yenyewe inamegeka. Vitoroli vilivyokuwa vikisukumwa kati ya meza vimebaki vichache. Sasa chakula huagizwa kwa simu. Lugha yao, Kikantoni, nayo inabanwa. Julai 2010, pendekezo la kuongeza Kimandarini kwenye televisheni ya Guangzhou liliwafanya watu waingie barabarani kupinga, lakini shuleni Kimandarini ndicho kinachotawala, na wapo wajukuu wanaomjibu bibi kwa lugha ambayo si yake.

Kwa hiyo anayekwenda kwenye Maonyesho ya Canton, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, atenge asubuhi moja kabla ya kukimbilia mzigo. Awahi, maana meza hujaa mapema, hasa Jumapili. Na mhudumu mzee amsalimie "jo san" ya Kikantoni. "Ni hao" ya Kimandarini anaisikia kila siku.